Simu za watoto zisile mtaji wa duka

BARIADI. Msimu wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huingia mkoani Simiyu kwa mkupuo, na maduka ya simu huwa miongoni mwa yanayochangamka mapema pamoja na ya mabati na pikipiki. Wazazi waliowaahidi watoto wao simu tangu likizo ya Desemba ndipo hukumbushwa ahadi zao. Ukurasa huu umeonelea vyema kulitazama suala hilo kwa jicho la biashara, kwa sababu wasomaji wetu wengi ni watu wa duka, wa mazao na wa uwakala, na simu ya mtoto kwao hulipwa kutoka kwenye droo ileile ya mauzo.

Swali linaloulizwa zaidi ni simu gani nzuri ya bei nafuu. Kwa maoni yetu swali hilo limetangulizwa mahali pasipo pake. Simu hununuliwa mara moja baada ya miaka miwili au mitatu, lakini bando hununuliwa kila siku. Mfanyabiashara anayebishania sh. 10,000 dukani wakati wa kununua simu, kisha akaacha kila mtu nyumbani ajinunulie bando anavyojua, amebana tundu dogo na kuacha kubwa wazi.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mnunuzi wa dengu na choroko ana mke na watoto wawili wa sekondari. Yeye na mkewe kila mmoja hununua bando la siku la sh. 1,000, na watoto wakiwa likizo kila mmoja hupewa sh. 500. Kwa siku ni sh. 3,000, na kwa mwezi wa siku 30 ni sh. 90,000. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alitoa sh. 90,000 mfukoni, na ndiyo maana haionekani. Lakini ikiwa faida yake katika dengu ni sh. 50 kwa kilo, basi kilo 1,800, yaani magunia 18 ya kilo mia, zimenunuliwa, zimepimwa, zimebebwa na kuuzwa ili kulipia bando peke yake.

Kasoro ya bando la siku si bei iliyoandikwa kwenye menyu. Ni muda. Saa 24 zikipita, kilichobaki kinapotea. Kwa hiyo bei halisi ya GB moja si ile iliyotangazwa, bali ni fedha uliyotoa ukiigawa kwa kiasi ulichotumia kabla ya muda kwisha. Aliyenunua GB moja kwa sh. 2,000 akatumia MB 400 tu, amenunua data kwa sh. 5,000 kwa GB, hata kama mtandao wake unajitangaza kuwa ndio wa bei ya chini kuliko yote. Kabla ya kulinganisha mitandao, pima kwanza matumizi ya nyumba kwa wiki mbili. Simu nyingi za kisasa huonesha kiasi cha data kilichotumika, na hata programu iliyokula zaidi. Wazazi wengi watashangaa kuona kwamba masomo hayakula kitu, na video ndizo zilizobeba karibu zote. Video za kawaida kwa saa moja huweza kumaliza zaidi ya nusu GB, wakati ujumbe wa maandishi wa siku nzima haufiki hata sehemu ndogo ya hapo.

Baada ya kupima, nyumba nyingi zitaona kuwa inafaa mtu mmoja anunue kifurushi kikubwa cha mwezi na kuwagawia wengine. Kugawa huko si hisani ya kampuni. Kanuni ndogo za vifurushi zilizotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kuanza kutumika Aprili 2021, ziliwataka watoa huduma wamwezeshe mteja kuhamisha data kwa mtu mwingine wa mtandao uleule, wamjulishe kifurushi kinapofikia asilimia 75 na kinapokwisha, na wasianze kumkata muda wa maongezi nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Wengi wetu tunakumbuka Aprili hiyo kwa kelele za bei mpya za vifurushi zilizosimamishwa muda mfupi baadaye, tukasahau haki hizi ambazo zilikuwa na manufaa zaidi kwa mwenye nyumba. Kwa wale wanaokaa chini ya paa moja, hata kuhamisha si lazima: simu ya mzazi inaweza kuwarushia wengine intaneti jioni, na ikizimwa saa tatu usiku, imezimika kwa wote. Hiyo ni nidhamu ambayo haihitaji mahubiri.

Sharti la mpango huu ni kwamba nyumba iwe kwenye mtandao mmoja. Hapo wafanyabiashara wengi wa Simiyu wana desturi ya zamani inayowagharimu. Wanabeba laini tatu au nne, moja kwa kila kampuni, kwa sababu zamani kupiga nje ya mtandao ilikuwa ghali mno. Ilikuwa kweli. Kampuni moja hulipa nyingine kila simu inapovuka, na ada hiyo mwaka 2013 ilipangwa kuwa sh. 34.92 kwa dakika. Lakini TCRA iliendelea kuishusha: sh. 15.60 mwaka 2018, sh. 10.40 mwaka 2019, kisha sh. 5.20, sh. 2.60, hadi sh. 2 mwaka 2022. Ukuta uliotufanya tubebe laini nne umebomolewa, na dakika za mitandao yote zimekuwa kitu cha kawaida kwenye vifurushi. Anayeendelea kununua vifurushi vinne vidogo ananunua hofu ya mwaka 2010.

Mtandao upi? Jibu haliko kwenye tangazo, liko mahali mnapolala na mnapofanyia kazi. Mjini Bariadi kuna uchaguzi wa kutosha. Ukitoka kuelekea vijiji vya Itilima au Meatu, mambo hubadilika kutoka kilima hadi kilima. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini Mei 2023 mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, hivyo kijiji kilichokuwa gizani miaka michache iliyopita huenda leo kina mnara, ila wa kampuni moja. Nenda na simu yako mwenyewe, simama kwenye ghala, simama shuleni kwa mtoto na nyumbani kwa bibi, ndipo uamue. Ukiamua kuhama, namba yako haikuzuii. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhamia kampuni nyingine na namba yake ileile, jambo la maana kwa mtu ambaye wateja wake wa Maswa na Lamadi wameikariri namba hiyo. Ila kabla ya kuhama ondoa fedha zote kwenye akaunti ya simu na umalize madeni yake.

Sasa simu yenyewe. Hapa tutasema kwa kifupi. Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo simu yake itafanya kazi wakati wa likizo tu, na miezi iliyobaki italala kabatini huku betri ikichoka. Kwa mtoto huyo, simu janja moja ya nyumba inayotumiwa kwa zamu inatosha. Anayesoma kutwa na kutembea mbali anahitaji kupatikana, na kitochi kinafanya kazi hiyo kwa siku kadhaa bila kuchajiwa. Simu janja ya peke yake ina maana zaidi kwa aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, ambaye anafuatilia matokeo, nafasi za kujiunga na maombi ya mkopo wa elimu ya juu, mambo ambayo siku hizi hupita kwenye intaneti.

Ukinunua simu janja, hakikisha ni ya 4G na usidanganywe na kamera. Kinachoua simu za bei nafuu mapema ni nafasi ndogo ya kuhifadhi, maana picha na video za makundi ya WhatsApp huijaza katika miezi michache ikaanza kugoma. Kuwa mwangalifu pia na simu ndogo za vitufe zinazouzwa kama "kitochi chenye WhatsApp". Nyingi zilitumia mfumo wa KaiOS, na WhatsApp iliacha kuuhudumia. Tangu Juni 2024 haikuweza kupakuliwa upya kwenye simu hizo. Mwenye duka aliyebaki na mzigo wa zamani anaweza kukuuzia bila hata yeye kujua. Aidha, kumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima na watu wakabaki na vipande vya plastiki mkononi. Bonyeza *#06# kabla ya kulipa, linganisha namba inayotokea na ile ya kwenye boksi, na udai risiti na waranti. Simu ya mtumba isiyo na risiti huenda ikaja na askari nyuma yake.

Jambo linalohitaji tahadhari kubwa zaidi ni simu za mkopo. Unatoa kianzio, kisha unalipa kila siku, na ukichelewa simu inajifunga. Tuseme simu ya sh. 200,000 taslimu inatolewa kwa kianzio cha sh. 50,000 na sh. 1,000 kwa siku 300. Jumla ni sh. 350,000. Kwa bodaboda anayepata wateja kwa simu hiyo, nyongeza ya sh. 150,000 inaweza kulipika kutokana na kazi yenyewe. Kwa mtoto wa shule simu haizalishi kitu, na deni linalipwa na duka. Tena kipato cha mkoa huu hakiji kila siku, wala hakitabiriki. Bei elekezi ya pamba ilikuwa sh. 1,560 kwa kilo msimu wa 2022, ikawa sh. 1,060 msimu wa 2023. Kwa bei hizo, mkulima wa kilo 500 alipungukiwa sh. 250,000 katika mwaka mmoja, na muuza duka anayemtegemea mkulima huyo alipungukiwa pia. Mkopo wa simu haukujua habari hizo. Uliendelea kudai sh. 1,000 yake kila asubuhi.

Tumalizie na laini, kwa sababu hapo ndipo mtaji wenyewe unapokaa. Mfanyabiashara wa leo huweka fedha za mzigo kwenye M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa. Mara nyingi laini hiyohiyo imo kwenye simu janja ambayo mtoto huichukua jioni kutazama video, na namba ya siri ameshaiona mara nyingi akiwa amekaa kaunta. Hatuwashuku watoto wetu wizi. Lakini mkeka wa kubeti unachezwa kwa sh. 500, sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18, na akaunti yenye jina la mzazi haiwezi kujua ni nani anayebonyeza. Kuna pia mikopo midogo ya salio na ya kukamilisha muamala, ambayo huchukuliwa kwa kubonyeza mara mbili na hukatwa pamoja na ada fedha inayofuata inapoingia. Mteja akikutumia malipo ya gunia ukakuta yamepungua, anza kutafuta hapo.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Laini ya biashara ikae kwenye kitochi, isiwe na data, isitoke mikononi mwako, na namba ya siri ibadilishwe leo. Laini ya nyumbani ndiyo iende kwenye simu janja, ikiwa na fedha kidogo za matumizi. Wakala naye asichanganye laini ya uwakala na ya familia kwa namna yoyote. Wafundishe watoto kutojibu zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Waambie namba iliyotuma ipelekwe 15040.

Mtoto asiye na namba ya NIDA husajiliwa laini na mzazi au mlezi kwa alama ya kidole cha mzazi huyo, kwa hiyo kila kitakachofanywa na laini hiyo kina jina lako, iwe ni deni au meseji ya matusi kwa mwalimu. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na usiyoitambua ukaifungie kwenye ofisi ya kampuni husika. Kijana akitimiza miaka 18, mpeleke akajiandikishe NIDA mapema bila kungoja kidato cha sita kiishe, kisha laini yake ihamishiwe jina lake mwenyewe.