Mazuku Hayaonekani kwa Macho, Lakini Ramani Yaweza Kuyaonyesha



Chini ya ardhi hakuna timu inayoingia bila plani. Mpimaji ameandika kila njia, kila shimo la kuingiza hewa, na kila mahali palipofungwa kwa sababu ya hewa mbaya. Kapita anawaonyesha watu wake plani hiyo kabla kazi haijaanza, na asiyeielewa anauliza. Lakini tukirudi nyumbani Goma, plani inabaki kazini. Hatari hazibaki. Juu ya mji kuna Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 wenye moto ndani yake. Karibu na ziwa kuna mazuku. Na kipindupindu hakijatusahau hata mwaka mmoja. Basi leo ukurasa wetu wa usalama na afya utaeleza habari za ramani zinazotengenezwa kwa kompyuta, na namna zinavyoweza kulinda mke, mume na watoto.

Tuanze na mazuku, kwa maana yanaua kimya. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka katika nyufa za ardhi yetu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inakaa chini kama maji: katika mabonde madogo, katika mapango ya mawe ya lava, katika msingi wa nyumba uliochimbwa na kuachwa wazi, katika shimo la choo. Haina rangi wala harufu. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, inapungua. Ndiyo sababu baba anaweza kupita mahali saa sita ya mchana bila taabu yo yote, na mtoto wake akaanguka pale pale saa kumi na mbili asubuhi. Tena mtu mzima aliyesimama anapumua hewa ya juu. Mtoto, mbuzi na mbwa wanapumua ya chini. Katika hewa sehemu mia, gesi hiyo ikifika sehemu kumi, mtu hupoteza fahamu upesi, na ikizidi hapo kifo hakikawii.

Lakini mazuku hayako kila mahali. Watafiti waliyafuata moja moja, wakapima gesi, wakaandika mahali pa kila moja kwa chombo cha GPS, kisha wakaweka yote katika ramani ya kompyuta. Ramani ikaonyesha kwamba mengi yako kando ya ziwa, upande wa magharibi ya mji kuelekea Sake, pamoja na pande za Bulengo na Lac Vert, na kwamba yanafuata nyufa na kingo za lava za zamani. Jambo ambalo wazee wa kijiji walilijua kwa kichwa, sasa mtu aliyehamia jana anaweza kulijua. Na wageni ndio wanaohitaji zaidi. Mwaka 2023 na 2024, vita vilipofukuza watu wa Masisi na Rutshuru, maelfu walijenga vibanda vyao Bulengo na Lac Vert. Wenyeji walijua ni mahali gani pasipofaa kulala. Mama aliyefika usiku na watoto wanne na sufuria moja angejuaje?

Sasa, ramani ya namna hii inatofautianaje na ile ya karatasi ukutani? Fikiri karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zimewekwa moja juu ya nyingine. Ya kwanza ina nyumba. Ya pili ina mazuku. Ya tatu inaonyesha lava ilipopita mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Ya nne ina barabara, ya tano dispansere na mabomba ya maji. Kompyuta inazisoma zote pamoja, na unaweza kuiuliza: ni nyumba ngapi ziko chini ya mita mia kutoka mazuku? Shule gani iko katika njia ya lava ya 2002? Inajibu kwa dakika chache kazi ambayo mtu kwa mkono angeifanya mwezi mzima.

Mawazo hayo yana Afrika ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Roger Tomlinson alikuwa akifanya kazi katika kompani moja ya Kanada iliyoombwa kutafuta mahali pa kupanda msitu nchini Kenya. Ilitakiwa kulinganisha ramani nyingi kwa mkono, na gharama ikaonekana kubwa mno. Ndipo Tomlinson akafikiri: kwa nini kompyuta isifanye kazi hii? Kanada ikamkubalia, na kutoka hapo programu hizi zikaenea duniani.

Kwa miaka mingi zilikuwa za matajiri: serikali, majeshi, kompani kubwa. Halafu mwaka 2002, mwaka ule ule ambao lava ilipita katikati ya Goma, Mmarekani Gary Sherman alianza kutunga programu ya ramani ya kuweka katika kompyuta ya mezani, akaitoa bure. Ndiyo ile inayoitwa QGIS. Leo mwanafunzi wa Goma mwenye kompyuta iliyotumika anaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji ofisi nzima. Nasema wazi kwamba kwa watu wa mfuko mdogo, jambo hili ni kubwa kuliko mashine zote za bei.

Namna ya pili ni programu zinazokaa katika seva, yaani kompyuta mama inayoweka ramani na kuwagawia wengi kwa wakati mmoja. PostGIS na GeoServer ni za jamii hiyo, na hizo pia ni za bure. Sitakaa sana hapo, ila jambo moja litufundishe. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kina vyombo mlimani vinavyosikiliza mitetemeko ya ardhi na kutuma habari mjini. Mwaka 2020 msaada wa fedha kutoka Benki ya Dunia ulikwisha, na kwa miezi kadhaa kituo kikakosa intaneti ya kupokea habari hizo. Kompyuta mama isiyoletewa habari ni sawa na kapita aliyefungiwa ofisini: anajua kazi, lakini haoni shimo.

Namna ya tatu ni ramani za intaneti zinazojazwa na watu wenyewe. Iliyo kubwa ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Tetemeko la ardhi lilipobomoa Haiti tarehe 12 Januari 2010, watu wa nchi mbalimbali waliketi mbele ya kompyuta zao, wakachora mitaa ya mji wa Port-au-Prince kutoka picha za setilaiti, na waokoaji wakaitumia. Afrika ya Mashariki haikubaki nyuma. Vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao mwaka 2009. Dar es Salaam walianza kazi ya Ramani Huria mwaka 2015 kwa ajili ya mafuriko. Na Goma yetu pia imechorwa hivyo: wa mbali anafuata picha ya setilaiti, lakini jina la avenyu, bomba la maji na mlango wa dispansere vinawekwa na anayeishi hapa. Setilaiti haijui jina la mtaa wako.

Sisi wa dispansere tunalihitaji jambo hili kila siku. Mgonjwa wa kuhara anakuja, tunamwuliza anakaa wapi, anajibu: nyuma ya kanisa, karibu na mama anayeuza makala. Makanisa ni mangapi katika Goma? Mwaka 1854 huko London, Daktari John Snow aliandika kwenye ramani kila nyumba iliyokufa mtu wa kipindupindu, akaona vifo vinazunguka bomba moja la Broad Street. Wazee wa hapa wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma: katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Tukijua nyumba ya mgonjwa, tunaweza kujua maji aliyokunywa, na jirani zake tukawahi kuwaonya.

Sasa Nyiragongo. Tarehe 10 Januari 1977 lava ilishuka upesi sana hata watu wa vijiji vya mlimani hawakupata nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ilikata mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikaingia ziwani, na watu karibu 120,000 wakakosa nyumba. Tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi jioni, ilitoka tena bila onyo, ikasimama ukingoni mwa mji, upande wa Buhene. Serikali ilipohesabu vifo vya kwanza, walio wengi hawakuunguzwa na moto. Walikufa katika ajali za barabarani wakati wa kukimbia. Siku zilizofuata, wengine walikufa kwa gesi walipojaribu kuvuka lava ambayo ilikuwa bado haijapoa.

Tarehe 27 Mei gavana aliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji zihame: Majengo, Mabanga Kaskazini, Mabanga Kusini, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe na Le Volcan. Sababu ilikuwa nini, na lava ilikuwa imekwisha kusimama? Moto ulikuwa umesogea chini ya ardhi, chini ya mji wenyewe na ziwa. Nyufa zilionekana mabarabarani, na setilaiti za Ulaya zilizo na rada ziliipima ardhi kutoka juu, zikaonyesha jinsi ilivyopanuka. Ramani hizo zilitengenezwa kwa siku chache. Mwaka 2002 mji haukuwa na kazi ya namna hiyo. Watu karibu 400,000 walitoka, wakaenda Sake, Gisenyi, Rutshuru, na kwa mashua upande wa Bukavu. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Wengi walijua jina la kartie yao waliposikia amri. Wasilolijua ni njia, na mahali pa kukutana.

Basi fanyeni hivi, mapema, siku ya amani. Katika simu yenye kioo kikubwa weka programu ya Organic Maps au OsmAnd. Zote mbili hutumia ramani ya OpenStreetMap na ni bure. Ukipata intaneti nzuri, shusha ramani ya mashariki ya Kongo na ya Rwanda pia, kwa sababu njia ya kukimbia inaweza kuvuka mpaka. Baada ya hapo ramani iko ndani ya simu. Siku ya hatari mtandao huanguka, kila mtu anapiga simu, lakini GPS haitumii hata mega moja: simu inasikiliza tu setilaiti. (Wenzangu wa chini ya ardhi wataniuliza kama inafaa mgodini. Haifai. Sauti ya setilaiti haipiti mwambani. Huko fuata plani na kapita.) Tia alama nyumbani, shuleni kwa watoto, kwa ndugu aliye Sake au kwingine, na mahali pamoja ambapo jamaa wote watakutana kama simu hazifanyi kazi. Kisha tembea na watoto njia hiyo kwa miguu. Mtoto hujifunza njia kwa miguu yake kuliko kwa kioo.

Msiiamini ramani kupita kiasi. Mwaka 2021 lava ilikata barabara ya Rutshuru, na ramani iliyoshushwa wiki moja kabla iliionyesha nzima. Kiwanja cha ndege kilifungwa wakati wa vita vya Januari 2025, nacho kwenye ramani kimechorwa kama zamani. Ramani inajua ilichoambiwa tu. Ukiona daraja limevunjika, bomba limekauka, au mbuzi wamekufa shimoni bila ugonjwa, mwambie shefu wa avenyu na dispansere, halafu umwombe kijana anayejua aandike kwenye ramani. Lakini mahali dawa zinapowekwa, au waliokimbia vita walipojificha, pasiandikwe. Ramani ya wazi inasomwa na kila mtu, hata mwenye nia mbaya.

Na ukimkuta mtu ameanguka katika mazuku, usishuke kumwinua, hata kama ni mtoto wako. Wengi wamekufa wawili na watatu kwa namna hiyo. Piga kelele watu waje, mvute kwa kamba au mti mrefu, mkiwa mmesimama juu, upande upepo unakotoka. Mkishamfikisha juu penye hewa safi, kama hapumui mpulizieni hewa mdomoni, na mwingine atafute gari au moto ya kumleta kwetu. Usijaribu hewa kwa taa. Taa ikizimika umechelewa kutoka, na ikiwaka si ahadi kwamba mtoto wako atapumua.

Aliye na simu inayofaa ailete dispansere akija kupima mtoto au kuchukua dawa. Tutamsaidia kuweka ramani, haichukui dakika nyingi. Asiye nayo, ipo ramani ya karatasi ukutani, karibu na mlango wa chumba cha sindano, yenye mazuku kwa rangi nyekundu. Mwenye parsele upande wa Himbi, Kyeshero au Bulengo aitazame kabla ya kuchimba msingi au choo.