Mwenyekiti, mtendaji, diwani: nani anahusika na shida yako?

Niko hapa kafe na muda niliolipia unakimbia, kwahiyo naingia kwenye mada moja kwa moja. Leo siongelei siasa wala mpira. Naongelea kitu ambacho sisi vijana tunakidharau mpaka siku tukibanwa, nacho ni ofisi ya serikali ya mtaa.

Mwaka nilipomaliza form four nilipata kazi kwenye ghala moja huku Dar. Kubeba na kuhesabu mizigo, siyo kazi ya maana sana, lakini hela yake ilikuwa inaeleweka. Jumatatu bosi akaniambia, "Dogo, niletee barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa kabla ya Ijumaa, uanze kazi." Nikaona kitu kidogo hicho.

Jumatatu hiyohiyo nikaenda kwa mjumbe, hayupo. Jumanne nikampata, akaniandikia kikaratasi, akasema nipeleke kwa mwenyekiti. Mwenyekiti nikaambiwa kaenda msibani. Jumatano nikarudi, hajarudi. Alhamisi nikamkuta jamaa ofisini, sikumuuliza yeye ni nani, akaniambia nitoe elfu tano ya "karatasi na wino" halafu nije kesho. Nikatoa. Risiti sikupewa na wala sikuomba. Ijumaa nikaja, ofisi imefungwa. Jumatatu napeleka barua ghalani, nikakuta nafasi ameshapewa mtu mwingine. Ndo ikawa basi.

Narudi nyumbani nimenuna, nikakutana na mama mmoja jirani yetu, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mbona uso umekunjamana. Nikamweleza. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe siku zote hizo ulikuwa unamtafuta mwenyekiti au mtendaji?"

Nikabaki namtazama. Mimi nilijua ni mtu mmoja! Kumbe wiki nzima nilikuwa natafuta mtu nisiyemjua kazi yake. Toka siku hiyo nimekuwa nauliza na kusoma, na haya ndo niliyoyapata. Mengi yanahusu mijini, lakini wa vijijini nao wamo.

KWANZA: MJUMBE WA NYUMBA KUMI

Wengi tunaanzia hapa. Mjumbe wa shina, au balozi, ni kiongozi wa chama. Enzi za chama kimoja chama na serikali vilikuwa kitu kimoja, ndo maana wazee wetu walizoea kupitia kwake. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, na toka hapo balozi siyo ngazi ya serikali. Akikuandikia kikaratasi cha kusema anakufahamu ni sawa, inasaidia maana ofisi haiwezi kumjua kila mkazi. Lakini asipokuwepo safari yako haijaishia hapo. Mwenye nyumba wako au mjumbe wa kamati ya serikali ya mtaa naye anaweza kuja kusema anakufahamu. Usichanganye hao wawili. Mjumbe wa serikali ya mtaa anachaguliwa na wakazi kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, mjumbe wa shina anatokana na chama.

PILI: MTAA

Hapa ndo nilipopigia mwereka. Ofisi ya mtaa ina watu wawili wakubwa.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa tunamchagua sisi kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Huyu siyo mwajiriwa, hana mshahara wa mwezi, ana maisha yake na pengine ana duka lake. Ndo maana asubuhi unaweza usimkute.

Afisa mtendaji wa mtaa ameajiriwa na halmashauri. Ana mshahara, ana saa za kazi na ana bosi. Siku za kazi anatakiwa awe kazini, na kama ametoka ana haki ya kuulizwa atarudi lini.

Kwahiyo ukifika ofisini usiseme "namtafuta mwenyekiti" kama nilivyosema mimi. Sema shida yako: "Naomba barua ya utambulisho, mtendaji yupo?" Uliza pia siku na saa za barua, maana ofisi nyingine zimejipangia. Na uende umejiandaa:

- Kitambulisho cha NIDA, au namba yake kama kadi haijatoka.
- Picha ndogo za pasipoti, mbili zinatosha.
- Jina la mwenye nyumba na namba ya nyumba. Vile vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mwaka 2022 ndo kazi yake, usivipite tu.
- Barua inakwenda kwa nani na ni ya nini. Ya benki inataja benki, ya kazi inataja mwajiri. Ukisema tu "nataka barua" utaandikiwa ya jumla, halafu utarudishwa kuanza upya.

Kijijini ni vilevile isipokuwa majina. Kuna mwenyekiti wa kijiji wa kuchaguliwa, na mtendaji wa kijiji wa kuajiriwa, na chini yao kuna vitongoji. Huko halmashauri ya kijiji ina nguvu kwenye ardhi pia, kwahiyo usinunue shamba kwa kuandikishiana na muuzaji chini ya mwembe halafu ukasema una hati.

TATU: KATA

Kata nayo ina wawili. Diwani amechaguliwa, kazi yake ni kutusemea kwenye baraza la madiwani. Hilo baraza ndo linapitisha bajeti ya halmashauri na sheria ndogo, ikiwemo ada mbalimbali tunazotozwa. Mtendaji wa kata ameajiriwa. Pamoja naye kuna wataalamu ambao vijana wengi hatuwajui kabisa: afisa maendeleo ya jamii, afisa afya, afisa elimu kata na wengine.

Huyo afisa maendeleo ya jamii muwekeeni alama, maana ndo mlango wa ile mikopo ya asilimia 10. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ipo kwenye sheria toka mabadiliko ya mwaka 2018, siyo hisani ya mtu. Mwaka 2023 ilisimamishwa baada ya kelele za vikundi hewa na hela kutorudishwa, ikarudi 2024 na utaratibu mpya.

Vijana hawapewi mmojammoja, wanapewa kama kikundi. Kikundi kinasajiliwa, kinakuwa na katiba, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na mradi unaoeleweka. Maombi yanajazwa kwenye mtandao, hata kwenye stesheneri au kafe kama hii mtu anaweza kukusaidia kujaza. Ila anza kwa afisa wa kata, kwakuwa ndiye anayewajua na ndiye atakayekuja kuangalia kama kweli mnafyatua matofali au mmekutana kijiweni jana usiku. Na jamani, ni MKOPO. Unarudishwa ili na wengine wapate.

NNE: HALMASHAURI

Hii ndo manispaa, jiji, mji au wilaya, kulingana na unapokaa. Dar kwa mfano ziko tano: Jiji la Dar es Salaam (ile iliyokuwa manispaa ya Ilala mpaka 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Bosi wa wafanyakazi wote ni mkurugenzi. Mtendaji wa mtaa akikuzungusha, mwajiri wake ndo yuko hapa.

Huku unafuata leseni ya biashara, kibali cha ujenzi, mambo ya masoko na taka, shule za serikali za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya. Leseni siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI, lakini lazima uwe na TIN ya TRA kwanza. TIN yenyewe ni bure, anayekuuzia namba anakuibia. Anayekujazia fomu stesheneri mlipe ya kazi yake, hiyo ni haki yake, ila isichanganywe na ada ya serikali.

TANO: MILANGO AMBAYO SIYO

Nusu ya kuzungushwa kunatokana na kupeleka shida sehemu ambayo siyo. Cheti cha kuzaliwa ni RITA. Kitambulisho cha taifa ni NIDA. Pasipoti ni Uhamiaji. Umeme ni TANESCO, maji kwa Dar ni DAWASA. Barabara za mitaani kwetu toka mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, na barabara kuu na za mkoa ni TANROADS. Diwani anaweza kuisemea barabara yenu, na asemee kweli, lakini greda halipo ofisini kwake. Hata hivyo, huko kote unaweza kuulizwa barua ya mtaa, kwahiyo mambo yanarudi palepale kwenye ile ofisi ndogo tunayoidharau.

SITA: HELA

Kanuni yangu siku hizi ni moja: hakuna risiti, hakuna hela. Malipo ya serikali yana namba ya malipo (control number wenyewe mnaiita), unalipa benki au kwa simu. Kama ni ushuru mdogo unapewa risiti ya mashine palepale. Ile elfu tano yangu ya wino haikuwa na chochote. Mtu akikudai, muulize kwa upole: "Naomba namba ya malipo nilipie." Usigombane wala usipandishe sauti. Kama ni ada halali atakupa, kama siyo utaona anaanza kutafuta kalamu yake iko wapi.

SABA: UKIKWAMA

Andika. Maneno ya mdomo hayana ushahidi. Andika barua fupi ya tarehe fulani, nilikuja kwa ajili ya hiki, nikajibiwa hivi. Toa nakala mbili, moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa. Ngazi zinakwenda hivi: mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata, mkurugenzi. Kama unachotaka ni taarifa, mfano mapato na matumizi, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inayotaka ujibiwe ndani ya siku 30. Kama ni rushwa piga TAKUKURU namba 113, ni bure.

Halafu kuna mikutano ya wakazi. Kwenye vijiji inatakiwa iitishwe kila miezi mitatu, na mitaa nayo ina mikutano yake ambapo mapato na matumizi yanasomwa. Ukiwa na miaka 18 una haki ya kukaa pale na kuuliza. Mimi nilihudhuria kwa mara ya kwanza mwaka jana. Tulikuwa wazee, kina mama, na vijana watatu tu. Wenzetu walikuwa wanaangalia mechi, halafu kesho yake wanalalamika kwamba ada ya taka imepanda bila wao kuulizwa.

NAMALIZIA

Juzi mdogo wangu wa kike alihitaji barua ya chuo. Nikamsindikiza. Tulikwenda asubuhi, tukasalimia, tukauliza mtendaji. NIDA mkononi, picha mbili, jina la chuo tumeliandika kwenye karatasi herufi kwa herufi. Dakika kama ishirini tukawa tumetoka, muhuri umegongwa na hakuna aliyetaja wino. Ofisi ni ileile ya siku ile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii tulijua tunamtafuta nani.

Njiani mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, hivi wewe ulikuwa unasumbuka nini wiki nzima?" Sikuwa na jibu. Kazi ya ghalani haikurudi, na elfu tano haikurudi. Ndo maana nimeyaandika haya. Nisingependa na wewe uyajifunze kwa bei niliyolipa mimi.

Mwenye la kuongeza aongeze, hasa wa mikoani mtuambie huko kwenu inakuwaje. Na kama kuna mahali nimekosea mnirekebishe, mimi siyo mwanasheria.

Naomba kuwasilisha.