Filme za zamani za kuangalia pamoja na wazee wetu waliostaafu



Leo tuzungumuzie kitu kinachoonekana kidogo: tele ya mangaribi. Muzee akishastaafu, ao kama tunavyosema hapa, akishaingia retrete, siku inakuwa ndefu. Asubui shamba, muchana redio, mangaribi, kama batri ya sola imejaa, anakaa mbele ya tele na wajukuu. Na ni nani anashika telekomande? Ni sisi. Tunaweka mpira, filme za ngumi, seri za mapenzi za Wafilipino. Kisha nusu saa muzee amesinzia, na sisi tunasema uzee njo ule.

Hapana. Amesinzia juu hakuna kitu kwenye ile tele kinachomuhusu. Kuko aina moja ya filme ambayo haimuletei usingizi: ile inayosimulia wakati uliopita, yenye nguo, nyumba, motokari na namna ya kusemeshana ya wakati ule. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita tamthilia ya kihistoria. Makala hii inaeleza iko kitu gani, juu ya nini inafaa wazee kuliko sisi, na ni zipi za kuanza nazo.

Iko kitu gani

Tamthilia ya kihistoria si dokumenteri. Dokumenteri inatumia picha za wakati ule na watu walioona kwa macho. Tamthilia inatumia waigizaji, nguo zilizoshonwa upya, na mazungumuzo yaliyotungwa. Tarehe inaweza kuwa ya kweli, jina la mutu likawa la kweli, lakini maneno aliyosema chumbani na bibi yake, hakuna mutu aliyeyaandika. Njo utamu wake, na njo hatari yake: jicho linaamini haraka kuliko sikio.

Sasa fanya hesabu. Mutu wa miaka 80 leo alikuwa na miaka kama 15 siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Alikuwa kijana wakati inchi ilianza kuitwa Zaire, 1971. Alikuwa mutu mzima mwenye watoto wakati karibu watu milioni moja walivuka kuingia upande wa Goma, Julai 1994. Yale sisi tulisoma kwenye silabusi juu ya kupita mutihani, yeye aliyapita kwa miguu. Kwa hiyo filme ya zamani ikiwa na uongo, mu nyumba kuko mutu mumoja tu anayeweza kuikosoa, na ni ule tuliyemuacha asinzie.

1. Lumumba (2000)

Tuanze na ya kwetu. Iliongozwa na Raoul Peck, mutu wa Haiti ambaye alikuja Congo akiwa mutoto, wakati wazazi wake walikuja kufanya kazi huku kisha uhuru. Eriq Ebouaney anaigiza Lumumba, Alex Descas anaigiza Mobutu. Filme inapita kwenye hotuba ya Juni 30 mbele ya mufalme Baudouin, uasi wa askari, Katanga kujitenga, Kasavubu kumuondoa Lumumba tarehe 5 Septemba, Mobutu kushika mamlaka tarehe 14, mupaka kifo cha Januari 17, 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito.

Jambo moja watu wengi hawajui: sehemu kubwa ya filme hii ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji. Wakati ule kwetu kulikuwa vita. Hadisi ya uhuru wetu ilikosa fasi ya kupigiwa picha mu inchi yenyewe. Muonyeshe muzee barabara na nyumba, umuulize kama Léopoldville ao Stanleyville alizozijua zilifanana vile. Hapo njo utaona mutu anaamka.

Angalisho: filme inaanza na mambo mazito sana, namna miili yao ilivyoharibiwa kusudi isionekane tena. Mwambie muzee mbele ya kuiweka. Na umukumbushe kwamba jino moja la Lumumba, ambalo lilibakia mu mikono ya polisi mumoja Mubelgiji, lilirudishwa Juni 2022. Wengi wetu hapa hatukufuata habari ile vizuri, juu Bunagana ilichukuliwa na M23 tarehe 13 ya mwezi uleule, na watu walikuwa wanavuka kukimbilia upande wa Kisoro.

2. La Vie est belle (1987)

Hii iliongozwa na Mweze Ngangura, muzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mubelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba anaigiza mwanamuziki wa kijijini anayefika Kinshasa kutafuta bahati, na anaanza kwa kuwa boi wa tajiri. Inachekesha, na muziki uko mwingi.

Utaniambia: ile haikuwa filme ya zamani, ilipigwa wakati wao wenyewe. Ni kweli. Lakini miaka karibu 40 imeifanya kuwa ya zamani bila mutu kushona nguo yoyote. Mavazi ni yale, magari ni yale, bei na matusi ni ya wakati ule kweli. Kwa hiyo iweke kwenye lisiti pamoja na zingine, kwa sababu hakuna muigizaji anayekisia Zaire ilikuwa namna gani. Mama yako atakuambia kitambaa kile kiliitwaje na alivaa siku gani.

3. Vuta N'kuvute (2021)

Kwa wazee wasiopenda Kifaransa, hii iko Kiswahili kitupu, tena Kiswahili cha Zanzibar. Amil Shivji wa Tanzania aliitoa kwenye kitabu cha Adam Shafi. Ni miaka ya 1950, Waingereza bado wanatawala, na Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanaume asiyemupenda, anatoroka na kukutana na Denge, kijana wa siasa.

Wazee wetu watacheka Kiswahili chao ("hawa watu wanaimba ao wanasema?"), lakini swali la ndani ni letu pia: nani anachagua ndoa ya musichana, na kijana mwenye elimu anafanya nini inchi ikiwa chini ya mutu mwingine? Usijibu wewe. Acha bibi wa miaka 70 ajibu kwanza.

4. Downton Abbey (2010–2015)

Najua, mutauliza jumba la matajiri wa Uingereza linatuhusu nini. Mungoje kidogo.

Seri hii ya Julian Fellowes iko na vipande 52. Inaanza Aprili 1912, siku habari ya kuzama kwa Titanic inafika, na inamalizika mwisho wa 1925. Inasimulia familia ya Crawley na watumishi wao. Ni nzuri kwa mutu wa retrete juu iko ndefu, haina haraka, na haina damu nyingi. Tena muzee aliyefanya kazi kwa wakubwa, kwenye plantasio ao kwenye misioni, atajua mara moja jinsi boi na bosi wanavyoishi mu nyumba moja bila kukaa meza moja.

Lakini ninaiweka hapa juu ya tarehe zake. Miaka miwili mbele ya hadisi kuanza, mwezi wa tano 1910, Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikaa Brussels na kukubaliana mupaka wa sehemu hii ya volkano. Mulima Sabyinyo ukawa fasi tatu zinapokutana, leo Congo, Uganda na Rwanda. Ule mustari njo unapita hapa kwetu, fasi malori yanapanga foleni na ndugu wanaitana wageni. Matajiri kama wale wa Downton wanakunywa chai, na kwenye meza ingine mustari wetu umeshachorwa.

Kisha fika musimu wa pili. Ni 1916, vita vya kwanza vya dunia, vijana wa jumba wanapigana Ufaransa, na seri inawalilia vizuri sana. Mwaka uleule, tarehe 19 Septemba, Force Publique iliingia Tabora, mu koloni ya Wajerumani. Sehemu ya jeshi hiyo ilitokea Kivu. Askari walikuwa Wakongomani, na nyuma yao wapagazi wengi waliobeba mizigo kwa kichwa na mugongo. Wengi hawakurudi. Hakuna seri ya vipande 52 juu yao. Downton haisemi uongo juu yao, haiwaoni tu. Na kutokuonekana ni namna moja ya kufutwa.

5. Sultan (2011–2014)

Waturuki waliiita Muhteşem Yüzyıl. Azam ya Tanzania iliiwekea sauti za Kiswahili na kuionyesha kwa jina la Sultan. Ni jumba la Suleiman, aliyetawala kuanzia 1520 mupaka 1566, na Hürrem, mutumwa aliyekuwa bibi yake. Fitina, wivu, nguo za bei: wazee wanaipenda juu wanajua nyumba ya wake wengi ilivyo.

Somo lake liko inje ya filme. Mwaka 2012 Erdoğan, akiwa waziri mukuu, aliikemea mbele ya watu, akisema Suleiman alipitisha miaka 30 juu ya farasi vitani, si mu jumba kama seri inavyoonyesha. Ona: serikali nzima inagombania namna babu anaonyeshwa. Wale watu wanajua kwamba mwenye kupiga picha ya babu anashika pia kiti cha mujukuu.

Ingine ya kuomba ruhusa kwanza

Sometimes in April (2005), ya Raoul Peck tena, inasimulia mauaji ya kimbari ya 1994 Rwanda, na ilipigwa Rwanda kwenyewe. Ni filme ya heshima. Lakini huku mupakani kila nyumba iko na jeraha lake, na si wote walilipata upande mumoja. Usiiweke kwa kushitukiza. Muulize muzee. Akisema hapana, hapana yake ni jibu la kihistoria pia.

Jinsi ya kuziangalia

Moja: ujue sauti unayosikia ni ya nani. Upande wa Uganda wale vidjei wanatafsiri filme kwa Kiganda, Rwanda kuko agasobanuye, Dar es Salaam zamani Lufufu alikuwa na jina kubwa kwa kazi hiyo. Wanachekesha, lakini wanaongeza chumvi yao. Kwa filme ya historia, utafute ile yenye maneno ya asili, na wewe mwenye diploma utafsirie muzee pole pole.

Mbili: kipande kimoja kwa usiku. Batri haitoshi, na macho ya muzee pia.

Tatu: simamisha filme muzee akianza kusema. Filme itangoja. Usimukate na Wikipedia.

Nne: uliza maswali ya vitu, si ya siasa. "Redio ilikuwa kwa nani?" "Siku ile mulikula nini?" "Tokea hapa mupaka Rutshuru mulipita njia gani?" Mutu akikumbuka sufuria, kisha atakumbuka na serikali.

Tano: rekodi na telefone, kwa ruhusa yake, na useme mwanzoni jina, fasi na tarehe. Tuma kopi kwa ndugu wawili wanaokaa muji mwingine.

Hii ya tano si mapambo. Watu wa hapa wamekimbia zaidi ya mara moja, na mutu anayekimbia anabeba mutoto, sufuria na godoro. Hati ya ubatizo, kitabu cha kazi, picha ya ndoa vinabakia. Kwa familia nyingi, karatasi iliyobakia ni kichwa cha muzee mumoja, na kile kichwa hakina kopi.

Siku moja kijana wa huku atataka kupiga seri juu ya Bunagana: mupaka wa 1910, wapagazi wa 1916, soko la miaka ya Zaire, usiku wa kuvuka. Atahitaji kujua taa ilikuwa ya aina gani na mama alimwita mutoto wake kwa sauti gani. Hayo hayako ku maktaba yoyote. Yako pale ku kiti, mbele ya tele, na telekomande iko mu mikono yetu.