Pambo na Breki: Kipi Kitangulie?



Mtu akisimama asubuhi karibu na Petite Barrière, hapa Gisenyi, huona pikipiki za kila sura. Ipo iliyozungushiwa taa ndogo za rangi, ipo iliyobandikwa stika za timu ya mpira, ipo yenye kiti kilichoshonwa upya kwa ngozi nyekundu, na ipo ambayo bomba lake la moshi limekatwa ili ingurume kuliko wenzake. Nyingi zilitoka kiwandani zikiwa zimefanana kama mapacha. Ni mikono ya mafundi wa Rubavu na Goma iliyozitofautisha.

Tunaulizwa mara kwa mara iwapo polisi wanapinga mapambo. Jibu letu ni hapana. Hata hivyo, kuna mabadiliko yanayokipendezesha chombo, yapo yanayokiongezea uwezo, na yapo yanayokipunguzia uwezo huku mwenyewe akidhani ameuongeza. Ni hilo la tatu linalotulazimu kuandika.

Pambo lina haki yake

Kwa motari, pikipiki ni duka lake. Abiria anapochagua wa kumbeba, hutazama kwanza usafi wa kiti, kofia ya abiria na hali ya chombo kwa jumla. Kijana anayekiosha na kukipaka rangi chombo chake mara nyingi ndiye anayekagua boliti zake pia. Fahari ya kazi ni jambo jema, nasi hatutaki kuizima.

Lakini wahenga walituonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Jirani zetu wa Goma wana mfano wao wenyewe wa jambo hili: chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na injini wala rangi, ambayo hata hivyo imesimamishiwa sanamu mjini. Heshima yake haikutokana na kumeremeta. Ilitokana na magunia ya viazi na makaa inayoyafikisha sokoni.

Mabadiliko yanayopunguza uwezo

Tuanze na bomba la moshi. Wengi huamini kwamba kuondoa kizuia kelele huipa injini nguvu. Katika injini ndogo za biashara, kiwanda kimepima hewa, mafuta na njia ya moshi viende pamoja. Ukibadili kimoja bila kurekebisha vingine, utapata kelele nyingi, na aghalabu mafuta mengi zaidi, kwa nguvu ile ile au pungufu. Zaidi ya hayo, dereva aliyezingirwa na mngurumo wake mwenyewe haisikii honi ya lori lililo nyuma yake.

Kuna pia wanaoondoa kichujio cha hewa ili injini ipumue. Eneo letu li chini ya Nyiragongo, mlima uliomwaga lava hadi Goma mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Vumbi la mawe ya volkano ni kali kama msasa. Likiingia kwenye silinda hukwaruza pistoni, na akiba ya miezi mingi huishia kwa fundi.

La tatu ni gia za mnyororo. Anayefunga gia ya nyuma yenye meno machache huongeza kasi kwenye tambarare. Je, tambarare ya Rubavu ni kubwa kiasi gani? Barabara itokayo Kigali huteremka mamia ya mita kutoka milima ya Nyabihu hadi ziwani Kivu. Kwenye mteremko wa namna hiyo, dereva mwenye busara hutumia gia ndogo ili injini isaidie kuzuia chombo. Gia za mnyororo zikibadilishwa, msaada huo hupungua, mzigo wote huangukia breki, nazo breki zikipata joto jingi hupoteza nguvu. Wakati wa kupanda, pikipiki hiyo hiyo hulemewa na abiria mmoja.

La nne ni chuma cha mizigo kinachorefushwa nyuma. Uzito ukivuka ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi. Usukani hulegea, na breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi chombo kinaposimamishwa, hukosa mshiko.

La tano ni taa zenye mwanga mkali mno, au zilizoelekezwa juu. Huonekana za kifahari, lakini humpofusha dereva anayekuja, na anayepofushwa ndiye anayeweza kukugonga. Tena nyaya zikiunganishwa ovyo huichosha betri na zinaweza kuungua. Vioo vya pembeni navyo visiondolewe kwa ajili ya umbo: bila vioo, dereva hulazimika kugeuza kichwa kila anapotaka kujua kilicho nyuma yake, na kwa sekunde hiyo haoni kilicho mbele.

Hesabu ya sekunde moja

Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki hupita takriban mita 11 kila sekunde. Kwa kilomita 60, karibu mita 17. Hizo ni mita zinazopita kabla mkono haujakamata breki. Baada ya hapo, umbali wa kusimama huongezeka zaidi ya mara mbili unapotoka 40 kwenda 60, hata kama breki ni nzima. Hakuna rangi wala stika inayoweza kuufupisha. Matairi yenye meno na breki zilizorekebishwa ndizo pekee zinazouzuia usirefuke zaidi, hasa mvua inaponyesha.

Sura inayookoa

Hata hivyo, si haki kusema kwamba sura haina kazi. Utafiti uliofanywa Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba waendesha pikipiki waliovaa mavazi ya kuakisi mwanga au ya rangi ya kung'aa walikuwa na hatari ya kuumia katika ajali iliyo pungufu kwa asilimia 37. Waliovaa kofia nyeupe walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye kofia nyeusi, na waliowasha taa mchana, pungufu kwa asilimia 27. Kwa hiyo anayetaka kuonekana na aonekane kwa faida: jileti safi, viakisi mwanga nyuma na ubavuni, kofia ya rangi nyeupe tangu kiwandani. Msiipake kofia rangi wenyewe, kwa maana viyeyushi vilivyomo kwenye rangi huweza kudhoofisha ganda lake.

Namba zisifichwe

Eneo la mpakani lina haja moja ya ziada. Namba ya fremu, iliyogongwa kwenye chuma, ndiyo inayoitambulisha pikipiki iliyoibwa hata kibao chake kikiwa kimeng'olewa. Fundi anayeifunika kwa rangi nzito, au mwenye chombo anayekikunja kibao ili kipendeze, hujinyima ushahidi wa kwanza wa umiliki wake. Kabla ya kununua pikipiki iliyopambwa upya, linganisheni namba ya fremu na hati zake. Anayekataa namba isomwe amekwisha kuwajibu.

Utaratibu wa matumizi ya fedha

Mwenye fedha kidogo na aanze na matairi na breki. Kisha mnyororo, shokomzoba na taa zilizonyooshwa sawasawa. Halafu kofia mbili nzuri, yake na ya abiria. Kinachobaki ni cha rangi, kiti na stika, na hapo hatuna neno. Kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyoanzishwa mwaka 2019, humtakia kila msafiri afike kwa amani. Chombo kinachosimama pale kinapotakiwa kusimama kinaitimiza dua hiyo.

Kwa ajali ya barabarani ndani ya Rwanda, pigeni 113. Kwa dharura nyingine, 112. Mafundi na motari wenye maswali kuhusu badiliko lolote na waje kituoni kabla ya kukata chuma. Ushauri hautozwi, na chuma kikishakatwa hakirudi.