Je, Wajua? Jiwe la Tabaka linakatwa kwa panga

Ukifika Tabaka, kaunti ya Kisii, utayasikia mawe kabla hujayaona: panga zinakwangua, msasa unasugua. Jiwe la sabuni ni laini kiasi kwamba fundi analichonga kwa panga na kisu. Kisha kina mama hulitia kwenye beseni la maji, hulipiga msasa likiwa limelowa, hulianika na kulipaka nta. Hapo ndipo rangi hujitokeza: nyeupe, waridi, kijivu. Kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji mzaliwa wa Tabaka, imesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Njaa ikibisha, agiza obokima wa wimbi, yaani ugali wa rangi ya udongo, unaopakuliwa kwenye ekee, kikapu kidogo kilichosukwa. Kitoweo ni chinsaga. Mboga hii ni chungu (mgeni hukunja uso tonge la kwanza), ila ikishachemshwa na kutiwa maziwa, utaomba nyongeza.

Kwenye muziki kuna obokano, kinubi cha Abagusii, wenyeji wa eneo hili; ina nyuzi 8 na ngoma yake ni kubwa mno. Mpigaji huketi chini ili aikumbatie, na sauti yake nzito unaihisi kifuani.

Malizia kaunti jirani ya Nyamira, juu ya ukingo wa Manga, ulioshikana na masimulizi ya Abagusii. Mji wa Kisii uko chini yako, mashamba ya chai na migomba yametapakaa, na siku isiyo na ukungu Ziwa Viktoria humetameta kwa mbali. Beba sweta.