Taa za Land Cruiser zikizimika njiani: fuata waya, usikimbilie ampuli

Kila kreseri anajua jambo hili. Taa ya kichwa ikizimika ndani ya shimo, haukimbilii kununua ingine. Unaipiga kofi kidogo. Ikiwaka tena, umeshajua: bateri iko nzima, ampuli iko nzima, ni kontakti ndiyo imelegea mahali. Ile akili ya shimoni njo inatakiwa pia ku gari inayotupandisha Rubaya na kuturudisha Goma.

Ku Katoyi, mu komine ya Karisimbi, Land Cruiser za zamani haziishi. Kuko zile za muundo wa 70, wenye Toyota ilianza kutengeneza mwaka wa 1984, na nyingi ziko na motere ya mazuti 1HZ ya litri 4,2. Motere hiyo inavumilia. Nyaya ndizo zinachoka. Mawe ya lava yanatikisa karoseri tangu asubuhi, vumbi nyeusi inaingia mu fishi, mvua ya Masisi inafuata, na shaba inageuka kijani ndani ya plastiki bila mtu kuona.

Mazungumzo mu garaji inaanzaga vile vile.

“Fundi, taa ya kushoto imekufa tena. Weka ampuli.”

“Papa, ampuli ngapi sasa?”

“Ya tatu mu mwezi.”

Ampuli tatu mu mwezi si bahati mbaya. Ni gari inasema kitu, na hakuna mwenye kuisikiliza. Na wenye kulipa si shofa peke yake. Ni baba mwenye kukaa juu ya mifuko nyuma, mama mwenye kurudi na biashara, na mwenye piki-piki mwenye kufuata gari isiyokuwa na taa ya nyuma, aione tu wakati imekuwa karibu ya kifua chake.

Anza na macho

Kabla ya kufungua kitu, washa taa zote na uzunguke gari. Andika nini inawaka na nini haiwaki. Ikiwa taa moja tu imekufa, ugonjwa uko karibu yake: ampuli, fishi, fizible yake ao waya yake. Ikiwa kode zote mbili zimekufa na fare zinawaka, ampuli mbili haziungui siku moja: angalia switchi ya ku usukani. Ikiwa zote mbele zimekufa kwa mara moja, angalia rele na waya kubwa yenye kutoka ku bateri.

Kisha pima bateri. Motere ikiwa imezimwa, bateri nzuri ya volti 12 inaonyesha karibu 12,6. Motere ikizunguka, inafaa kufika kati ya 13,8 na 14,4. Ikipita volti 15, alternateri ndiyo inaunguza ampuli zako, na utaendelea kuzinunua mpaka uitengeneze. Tena hakikisha: Land Cruiser zingine ziko na bateri mbili zenye kuungwa kwa volti 24. Ukiweka ku gari hiyo ampuli ya volti 12, itaungua palepale.

Masi, mwizi wa mwangaza

Umeme unatoka ku bateri, unapita mu ampuli, na lazima urudi. Njia ya kurudi, mafundi wanaiita masi. Ikiwa na kutu ao rangi chini ya bulo yake, taa inawaka kama mshumaa. Hasara ni kubwa kuliko mtu anavyofikiri: ampuli ikikosa sehemu 10 kwa mia ya volti, inapoteza karibu sehemu 30 kwa mia ya mwangaza.

Alama yake ku nyuma ni rahisi. Unakanyaga freni, na taa ya kukata kona nayo inawaka kidogo. Ni umeme umekosa njia yake, unapita mu nyumba ya jirani. Chukua waya ndefu, funga ncha moja ku alama ya kutoa ya bateri, na ncha ingine uguse ile masi ya taa ya nyuma. Taa ikipata nguvu, umepata ugonjwa. Fungua bulo, pangusa kwa papye ya kusugua mpaka chuma ing’ae, kaza, kisha pakaa grisi.

Lakini usifanye hivyo ku taa za mbele. Sababu ni hii.

Siri ya Toyota za zamani

Mu gari mingi, switchi inatuma umeme wa kuongeza ku taa. Mu Land Cruiser nyingi za zamani, ni kinyume: kuongeza inafika ku taa zote mbili kwa kupitia rele na fizible, moja ya kushoto na moja ya kulia. Switchi ya ku usukani inafungua na kufunga masi. Fundi asiyejua hiyo anatafuta siku nzima, na akigusa vibaya anaunguza fizible.

Njo sababu pia fizible ya upande moja ikikatika, taa ya upande huo inaweza kubaki na mwangaza mdogo, mwekundu. Umeme unazunguka kwa kupitia ampuli ya upande mwingine. Mtu anasema “ampuli imezeeka”, kumbe ni fizible.

Kwa kupima, ondoa fishi za pande zote mbili na uwashe taa. Funga taa ya kupimia ku alama ya kutoa ya bateri: mguu moja wa kila fishi unafaa kuiwasha. Usipopata upande moja, ni fizible yake ao waya yake. Usipopata pande zote, ni rele. Kisha funga taa ya kupimia ku kuongeza: mguu wa kode unafaa kuiwasha wakati switchi iko ku kode, na ule wa fare wakati iko ku fare. Usipopata, switchi ndiyo imekufa ao waya yake imekatika.

Fizible si adui

Fizible ikikatika mara mbili, kuko waya inagusa chuma. Tafuta pale nyaya zinapita karibu ya shasi, chini ya sanduku ya nyuma, pale mifuko inaangukia na watu wanakanyaga. Usiweke fizible kubwa zaidi, wala waya, wala karatasi ya sigara. Hapo haitaungua fizible, itaungua waya, na gari pamoja nayo.

Vilevile ampuli za wati 100. Ampuli ya kawaida ya wati 55 inavuta karibu ampere 4,6. Ile ya wati 100 inavuta zaidi ya 8. Nyaya zenye miaka 30 hazikuandaliwa kubeba hiyo mizigo, na fishi inayeyuka.

Kabla ya giza

Mukifika Sake, mbele ya kupanda, musimame dakika tano. Shofa abaki ku usukani, mtu moja azunguke gari: kode, fare, freni, kukata kona kushoto na kulia. Kama kuko yenye haiwaki, bado kuko mwangaza wa kutosha kwa kufungua fishi. Ku mlima, usiku, mu matope, hakutakuwa.