MAJANI YA UWANJA NA MIKONO IYATUNZAYO

Atokaye Kariakoo kwa miguu, akavuka viwanja vya Mnazi Mmoja na kupita katikati ya mji kuelekea baharini, hufika penye majani mabichi ya uwanja wa gofu wa klabu ya Gymkhana. Safari hiyo ni fupi kwa miguu, lakini zamani ilikuwa ndefu mno kwa utu wa mtu. Wakoloni waliugawa mji huu mafungu matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja wakauacha wazi ili kuwatenga watu wa Kariakoo na wale wengine. Siku hizo Mwafrika aliingia uwanja wa gofu kwa mlango mmoja tu, mlango wa kazi: kukata majani, au kuwachukulia wachezaji mifuko ya fimbo zao.

Mambo yamebadilika. Leo Watanzania, wake kwa waume, wanacheza gofu, na jeshi letu lina uwanja wake huko Lugalo, hapa hapa Dar es Salaam. Jirani zetu Wakenya walianza mashindano yao ya wazi mwaka 1967, na mabingwa wa ng'ambo huyaendea. Nasi tukitaka viwanja vyetu vistahili heshima kama hiyo, tuanzie wapi? Jawabu letu ni moja: tuanze na mtunza majani.

Wengi hudhani kazi yake ni kufyeka tu. La, hasha! Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na majani yanayolizunguka siku za mashindano hukatwa mpaka yakabaki na urefu wa milimita 3 hivi. Hukatwa alfajiri, kwa mashine yenye visu vikali. Maana kisu butu hulichana jani, nalo likakauka ncha na kuugua. Udongo ulioshindiliwa na miguu ya watu hauna budi kutobolewa ili hewa na maji vishuke mizizini, kisha hutandazwa mchanga na kusawazishwa. Shimo nalo huhamishwa mara kwa mara, majani ya mahali pamoja yasije yakachakaa. Atendaye hayo ni fundi, wala si kibarua wa kupita. Astahili kufundishwa, kupewa vyombo, na kulipwa kama fundi.

Wala tusidanganyike kwamba majani hayo ni kitu cha Ulaya. Ukoka, huu utambaao kando ya njia zetu, ndio asili yake. Wataalamu wa Tifton, katika jimbo la Georgia huko Marekani, waliuchanganya ukoka na nduguye wa Afrika ya Kusini, wakapata aina zilizoenea katika viwanja vya gofu vya nchi za joto. Mojawapo ilitolewa mwaka 1956. Sisi twaukanyaga, wenzetu wakauchunguza. Je, vyuo vyetu vya kilimo haviwezi kuuchunguza pia?

Lakini liko jambo zito kuliko yote hayo, nalo ni maji. Mwezi wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia katika mgawo wa maji. Wakati kama huo, mama aliyeshika ndoo tupu hawezi kuelezwa akaelewa kwa nini majani yanyweshwe naye akose. Twasema waziwazi: uwanja wa michezo usishindane na wananchi kwa maji ya kunywa. Maji yaliyokwisha kutumika, yakasafishwa, yatosha kwa majani. Karibu na bahari yafaa kupandwa paspalamu, ambayo huvumilia chumvi. Na maji yamwagwe usiku au alfajiri, kabla jua halijayakausha. Uwanja utunzwao hivyo ni faida hata kwa asiyecheza, kwani hupooza joto la mji, na mvua ya masika huzama humo badala ya kufurika barabarani.

Wazee walisema, mcheza kwao hutuzwa. Siku bingwa atakapokabidhiwa kikombe mbele ya watu, tusimsahau yule aliyeamka gizani kuliandaa jani alilolikanyaga. Naye pia yuko kwao, na tuzo yake ya kwanza ni ujira wa haki.